Karamu za Mjumbe Fisi

Zama zile wanyama walipokuwa na wafalme, majeshi na nishani za kubandika kifuani, mvua iligoma miaka mitatu mfululizo. Mito ilibaki mchanga mtupu, mabwawa yakapasuka kama visigino vya mtu asiyejipaka mafuta, na katika mbuga yote ikasalia chemchemi moja tu. Chemchemi hiyo ilikuwa mpakani kabisa. Upande wa mashariki alitawala Mfalme Simba, na upande wa magharibi Mfalme Nyati.

Simba alikuwa na majivuno, na majivuno yake yalihitaji gwaride kila asubuhi. Askari wake hawakuwa wamepigana na mtu tangu enzi za babu yake, lakini kugeuka kulia na kugeuka kushoto walikujua vizuri kuliko kuwinda. Nyati alikuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kusahau. Naye alikuwa na jeshi, na kazi kubwa ya jeshi lake ilikuwa kunoa pembe kwenye miti, hata miti yote ya ikulu ikabaki bila maganda.

Wafalme hawa hawakuwahi kusemezana. Kutoka ikulu hii mpaka ile ni mwendo wa muda wa kuchoma hindi moja, na mmoja akikohoa mwenziwe husikia. Lakini mfalme kumwendea mfalme ilikuwa aibu, kwa sababu anayetangulia kwenda ataonekana mdogo. Kwa hiyo walitumiana mjumbe, na mjumbe huyo alikuwa Fisi.

Fisi aliiomba kazi hiyo kabla tangazo halijamalizika. Aliijua desturi ya ikulu zote mbili: mjumbe hasemi kabla hajala. Wazee waliiweka kwa nia njema, wakiamini kwamba mjumbe mwenye njaa husahau nusu ya maneno njiani. Akifika anakopelekwa, hula ndipo aseme. Akirudi alikotoka, hula ndipo ajibu. Fisi alipiga hesabu hiyo kwa ulimi, akaona kila safari ina karamu mbili.

Siku ya kwanza Simba alimpa ujumbe mfupi. "Mwambie Nyati chemchemi ni ndogo na sisi ni wengi. Watu wangu wanywe asubuhi, wa kwake wanywe alasiri. Mpaka tukubaliane, hakuna atakayeigusa."

Fisi akavuka mpaka. Kwa Nyati hawali nyama, lakini hawakuwa watu wa kumpa mgeni majani. Walikuwa na ghala la kambare waliokaushwa tangu mto ulipokata maji, wakambanikia sita kwa ndimu na pilipili. Fisi alikula na vichwa, akala na miiba, akalamba jani lililotumika kama sahani, kisha akasema aliyotumwa.

Nyati hakuhitaji hata kucheua. "Asubuhi na alasiri? Hilo ni jambo la haki. Mwambie ndugu yangu nimekubali, na ninamshukuru."

Fisi alitoka pale akiimba. Alipofika nusu ya njia aliacha kuimba. Jambo lilikuwa limekwisha. Simba akisikia "nimekubali" atafurahi, chemchemi itafunguliwa, na mjumbe atarudi nyumbani kwake kutafuna mifupa iliyotafunwa na wengine. Na kule ghalani walibaki kambare wengi, aliwaona kwa macho yake wakining'inia. Akakaa chini ya mgunga, akajikuna kisogo, akafikiri kwa tumbo.

Kwa Simba alipewa ubavu mzima wa pofu, yule swala mkubwa kuliko wote. Alipoumaliza, akajifuta mdomo kwa heshima. "Mtukufu, Mfalme Nyati anasema anafikiri."

"Anafikiri?" Simba akainuka. "Nani amempa ruhusa ya kufikiri juu ya neno langu?"

"Anataka siku moja tu, Mtukufu."

"Basi rudi kesho ukamuulize atamaliza kufikiri lini. Na wewe Ngiri, peleka gwaride mpakani, ili afikiri haraka."

Ngiri alikuwa jemadari wa majeshi, bwana mwenye kichwa kikubwa na mambo madogo ndani yake, anayekimbia mkia umesimama wima kama mlingoti. Miaka yote aliwazungusha askari uwanjani bila adui. Amri ile ilimfurahisha hata akasahau kupiga saluti. Siku hiyo hiyo ngoma zililia mpakani.

Kesho yake Fisi alikula kambare wanane kwa Nyati, kisha akasema, "Mfalme Simba amepokea jibu lako. Anasema analifikiria."

Nyati akaacha kucheua. "Mimi nimekubali neno lake mwenyewe. Sasa anafikiria nini? Kama amekubaliana na nafsi yake?"

"Mimi ni mjumbe tu, Mtukufu. Sikuuliza."

"Na zile ngoma?"

"Ni gwaride. Lakini sasa liko mpakani."

Nyati alikwaruza ardhi kwa kwato. "Mwambie hata mimi ninazo pembe." Halafu akaagiza miti mingine ya kunolea.

Ikawa ndiyo kazi. Fisi hakuwa na nia ya vita, huo ndio ukweli, na tusimsingizie. Alitaka jambo liive polepole bila kuungua, naye awe anaonja. Neno zuri alilihifadhi tumboni, neno baya alilitia chumvi kidogo. Nyati akisema "nangoja," kwa Simba lilifika "nimechoka kungoja." Simba akisema "nina subira," kwa Nyati lilifika "subira yangu ina mwisho." Ubavu wa leo ulivuta kambare wa kesho.

Wakati huo wote chemchemi ilikuwa imefungwa. Askari wa pande zote mbili walisimama kuizunguka, wakinywa funda moja kila asubuhi kwa amri, na raia walilamba umande kwenye mawe. Digidigi walianza kuanguka njiani. Sungura, aliyekuwa mtunza chemchemi na aliyeisafisha kila siku tangu ujana wake, alifukuzwa kwa mateke ya pande zote mbili. Akakaa kando ya njia, akitazama nani anapita na nani anarudi.

Siku ya sita akamsimamisha Fisi.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Nina haraka, shughuli za nchi."

"Naona. Nchi nzima imekonda mpaka imebaki masikio, na wewe shingo yako siioni tena. Hizo shughuli za nchi zinapikwa na nani?"

"Mambo ya wafalme hayawahusu wenye masikio marefu," Fisi akasema, akapita akijitia hamnazo. Lakini alipokwisha kumpita aliongeza mwendo.

Sungura hakuwa na ushahidi, ila alikuwa na miguu. Alikwenda kwa Simba, akasujudu, akasema, "Mtukufu, Nyati yuko pale tu. Nenda chemchemini umuulize mwenyewe anakubali au hakubali."

"Mimi nimwendee?" Simba akasema. "Ili waimbe kwamba nilimfuata?"

"Basi mwite kwa sauti. Ukinguruma hapa anasikia."

"Mfalme hapigi kelele bondeni kama mwuza karanga."

Sungura akaenda kwa Nyati na maneno yale yale. Nyati akajibu kwamba yeye hana tatizo la kwenda, mradi Simba atangulie. Sungura alirudi kando ya njia, akakaa, akalia kwa hasira. Alijua sasa kwamba hata Fisi angekuwa bubu, wakubwa hawa wawili wangeweza kuiua nchi kwa kungojana.

Nyumbani kwa Fisi hali ilikuwa mbaya vilevile. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike katikati ya ukame, wakamwita Mwanamvua kwa kutumaini. Maziwa yalikuwa yamekauka. Fisi alileta mfupa wa ubavu kila jioni, lakini mtoto mchanga hafanyi lolote na mfupa.

"Baba Mwanamvua," mkewe akamwambia siku ya tisa, "chemchemi itafunguliwa lini? Wewe ndiye unayeingia huko na kutoka. Mtoto leo hakulia kabisa, na kutolia kwake kunanitisha."

Fisi alimtazama mtoto. Ulimi wake mdogo ulikuwa mweupe. Kitu kilimchoma Fisi kifuani, mahali ambapo chakula hakifiki, akaapa kwamba kesho atasema neno la kweli. Atasema Nyati amekubali. Hataeleza amekubali lini, hilo halimhusu mtu.

Kesho yake alikwenda kwa Nyati akiwa na nia hiyo safi. Bahati mbaya siku hiyo kambare walikuwa wamepikwa kwa tui. Harufu ilimpokea akiwa bado njiani. Alipokwisha kula kumi na wawili alisema moyoni kwamba ukweli haukauki kama mto, kesho utakuwapo. Akatia chumvi kidogo kama kawaida, akaenda zake.

Lakini chumvi ya siku ile ilitosha. Simba alipoambiwa kwamba Nyati "haoni haja ya maneno tena," alisimamisha manyoya ya shingo, akasema basi na yawe hivyo. Nyati aliposikia ngoma zimebadilika, akavaa pembe zake za vita, maana yake zile zile, zimepakwa udongo mwekundu tu.

Asubuhi iliyofuata Fisi aliwahi ikulu ya Simba mapema, mbio, kwa mara ya kwanza bila kunusa jikoni. Usiku Mwanamvua alikuwa ameshindwa kufumbua macho.

"Nina ujumbe," akamwambia Ngiri aliyesimama langoni. "Nyati amekubali. Asubuhi na alasiri. Niingize kwa mfalme."

Ngiri akamtazama juu hadi chini. "Umekula?"

"Sijala, na sitaki kula."

"Mjumbe hasemi kabla hajala. Desturi ni desturi."

"Basi nipe chochote. Nipe hata kwato nitafune."

"Jiko limefungwa. Wapishi wote wameandikishwa jeshini tangu jana. Hakuna moto, hakuna chakula, kwa hiyo hakuna ujumbe." Ngiri aliridhika sana na hitimisho hilo, akalirudia.

"Jemadari, hayo maneno umeshayasikia. Kamwambie."

"Mimi nimeyasikia kwa masikio, si kwa utaratibu."

Fisi alikimbia kwa Nyati. Mlinzi wa lango akamwambia ghala limefagiliwa, kambare wote wamefungwa kwenye mizigo ya askari. Alipouliza kama anaweza kusema hivyo hivyo na njaa yake, mlinzi alishtuka kama aliyeambiwa aingie ikulu uchi. Fisi akasimama katikati ya njia, kinywa kikiwa kimejaa maneno ya kweli, na hapakuwa na mtu wa kumlisha ayatoe. Akasikia ngoma za pande zote mbili zikipigwa kwa pamoja. Akaingia katika shimo tupu lililochimbwa na muhanga, yule mla mchwa, akajifunika uso.

Vita vilidumu nusu siku. Kila mfalme alikuwa ametoa amri ile ile, "Itwaeni chemchemi kwanza," kwa hiyo majeshi mawili yalikutana ndani ya chemchemi, yakapigania humo, yakaangukia humo, yakainuka humo. Ngiri aligeuka kulia kama alivyozoea, akamwelekea adui kwa ubavu, akarushwa juu ya mti wa mgunga na kukaa huko mpaka mwisho. Walicheka waliomwona, lakini hawakucheka sana. Vumbi lilipotua, nyati watatu na simba mmoja kijana hawakuinuka tena, na pale palipokuwa na maji palikuwa pamekanyagwa pakawa pagumu kama uwanja wa ngoma. Hapakuwa na unyevu wa kulowesha hata ulimi wa panzi.

Simba alikaa chini, mguu mmoja hauna kazi. Nyati alikaa hatua tatu kutoka kwake, jicho moja limevimba. Walikuwa wamechoka mno hata kuoneana aibu.

"Yote haya ni ukaidi wako," Simba akasema. "Ungekubali asubuhi na alasiri, saa hizi tungekuwa tunakunywa."

"Nilikubali," Nyati akasema. "Siku ile ile. Nikakushukuru, hata watu wangu wakasema nimezidisha."

"Ulisema unafikiri."

"Wewe ndiye uliyesema unafikiri."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza. Kisha wote wawili wakasema kwa pamoja, "Yuko wapi Fisi?"

Askari walimtafuta wasimwone. Sungura akawaambia watulie, akapanda juu ya kichuguu, akatangaza kwa sauti: "Wafalme wanataka kupatana. Anatakiwa mjumbe upesi. Mbavu ziko tayari mashariki, na kambare wako tayari magharibi."

Kule shimoni akili ilimwambia Fisi akae. Tumbo likamwambia atoke. Kwa Fisi tumbo lilikuwa na cheo kikubwa zaidi, na lilikuwa halijaingiza kitu tangu jana. Akatoka akijipangusa vumbi, akainamisha kichwa kibalozi. "Nimesikia naitwa. Tuanzie upande gani?"

"Leo utasema kwanza," Sungura akamwambia. "Kaa hapa katikati. Mfalme Nyati alijibu nini siku ya kwanza?"

Fisi akamtazama Simba, akamtazama Nyati. Uongo wake wote ulikuwa wa kusikiwa na mmoja mmoja, na sasa masikio ya wote wawili yalikuwa mbele yake.  "Alisema amekubali," akasema kwa sauti ndogo.

Simba alinguruma na Nyati akashusha pembe. "Auawe, yaishe," Simba akasema.

"Yataisha nini?" Sungura akauliza. Hakuwa na woga tena, kiu ilikuwa imeumaliza. "Fisi alidanganya, na atalipa. Lakini Fisi hakupiga ngoma. Fisi hakunoa pembe. Mlikuwa na majeshi yaliyokosa kazi, mkayatafutia. Neno moja la uongo liliwatosha kwa sababu mlikuwa mmeshasimama tayari. Na kila siku ilikuwapo njia ya kuujua ukweli, nayo ni kuinuka tu na kutembea. Nani kati yenu aliinuka?"

 Ngiri alikohoa kule mtini.

"Basi tuchimbe," Sungura akasema. "Wote. Huyu atangulie, ana kucha nzuri. Mfungeni kinywa kwa gome, kimefanya kazi ya kutosha."

Wakachimba. Fisi alikwaruza ardhi mpaka kucha zikavuja damu, Nyati akapasua udongo kwa pembe alizozinoa siku zote, na Simba, mwenye mkufu wa nishani shingoni, alisomba matope kwa viganja vyake mwenyewe. Alasiri, katika shimo la Fisi, udongo ulilowa, ukatoa jasho, kisha maji yakachungulia. Uso wa Fisi ulikuwa juu yake kabisa. Sungura akaita watoto kwanza.

Mke wa Fisi alikuja na Mwanamvua mgongoni. Akamshusha ukingoni, akamlowesha ulimi kwa tone, na tone lingine. Kwa muda mtoto hakufanya kitu. Halafu akameza. Akalia, kilio chembamba cha hasira, na mama yake akakaa chini akalia pamoja naye.

Alipoinuka alimgeukia mumewe. "Kila siku nilikuuliza maji yatafunguliwa lini," akamwambia. "Kumbe ulikuwa umeyafungia mdomoni, ukayafunika kwa samaki." Akambeba mtoto, akaenda zake. Fisi aliinamisha kinywa chake kilichofungwa gome. Aliona haya, haya ya kweli, ya kwanza maishani mwake. Alifunguliwa gome akanywa wa mwisho, na hakuna ikulu iliyomwita tena.

Siku ya pili asubuhi Simba alisubiri mtu wa kumtuma, akakumbuka hana. Akavua mkufu, akashika njia kwa miguu, akichechemea. Akamkuta Nyati katikati, naye akija peke yake. Wakasimama wakitafuta pa kuanzia, maana hakuna aliyewahi kufundishwa. Mwishowe Simba akauliza habari za nyumbani, na Nyati akasema nyumbani wanaomboleza. Simba akasema kwake pia.

Halafu wakapatana: hawa asubuhi, wale alasiri. Yalikuwa maneno yale yale ya siku ya kwanza, na kuyasema hakukuchukua muda wa kuchoma hindi. Walipomaliza walibaki wamekaa pale, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, wakitazama makaburi manne mapya upande wa pili wa maji.